Mji Mmoja, Ziara Nne

Kwa miaka zaidi ya 30 nilifundisha Historia, kwanza katika shule za msingi na baadaye katika chuo cha ualimu, na kila mwaka nilifika kwenye ukurasa uleule: Mkutano wa Berlin. Nilichora ubaoni meza ndefu, nikaizungushia wanaume wenye masharubu, na katikati ya meza nikaweka bara la Afrika kama nyama iliyotandazwa buchani. "Hapa," niliwaambia wanachuo, "ndipo tulipokatwa vipande." Walicheka, wakaandika, wakafaulu mtihani, wakaenda kuwafundisha wengine. Hata nilipokuwa mkuu wa chuo, mwenye barua za kujibu na magunia ya mahindi ya kuhesabu, kipindi hicho sikumwachia mtu. Nilikipenda.

Berlin yenyewe nilikuwa sijaiona. Nimeiona uzeeni, mwezi wa Septemba 2024, nikiwa na miaka 74 na goti moja lisilotaka ngazi. Binti yangu wa pili anafanya kazi ya uuguzi huko, naye ndiye aliyenipeleka. Siku ya pili yake alinikalisha mezani, akanipa chai na kunitolea shauri.

"Baba," alisema, "mji huu ukitaka kuuona wote kwa pamoja hutaona kitu. Hapa ziara zinauzwa kwa mada. Wapo wanaokutembeza kwa habari za Ukuta tu, wapo wa wafalme na majumba yao, wapo wa vita, wapo hata wa chakula. Chagua."

Nilichagua tatu. Ya nne niliitengeneza mwenyewe, na kwa ajili ya hiyo ndipo ninapoandika. Lakini nitazieleza kwa mpangilio wake, maana ya nne haieleweki bila tatu zilizotangulia.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya Ukuta. Tulianzia karibu na barabara iitwayo Wilhelmstraße, mahali ambapo kipande cha ukuta kimeachwa kisimame, kimetobolewatobolewa na watu waliokuwa wakimega vipande vya kumbukumbu. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyekulia upande wa Mashariki. Alituonyesha jengo kubwa la kijivu lililojengwa wakati wa Hitler kuwa wizara ya usafiri wa anga, akasema kwamba tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi wa Mashariki walikusanyika hapo kuipinga serikali yao, wakazimwa kwa vifaru vya Warusi. Kisha akatupandisha treni hadi Bernauer Straße.

Barabara hiyo, ndugu msomaji, inafundisha kuliko kitabu. Nyumba za upande mmoja zilikuwa mali ya Mashariki, na njia ya miguu iliyo mbele ya milango yake ilikuwa mali ya Magharibi. Mtu akichungulia dirishani, kichwa kilikuwa nchi moja na miguu nchi nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 mpaka ulipofungwa, watu waliruka kutoka madirishani, mpaka madirisha yenyewe yakazibwa kwa matofali. Ukuta huo uliizunguka Berlin Magharibi kwa kilometa zipatazo 155, na watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao kwa ajili yake. Nakumbuka jinsi walimu wenzangu na mimi tulivyosikia kuanguka kwake Novemba 1989 katika redio ya ofisi ya walimu. Tulidhani tumeielewa habari ile. Hatukuwa tumeliona dirisha lililozibwa.

Tulimalizia kwenye njia panda inayokutana na Brunnenstraße. Mama yule alituonyesha jinsi Ukuta ulivyoikata barabara hiyo, akatushukuru, tukaagana. Jina la Brunnenstraße niliandika katika daftari langu kwa mazoea tu, kama mwalimu anavyoandika kila kitu.

Ziara ya pili ilikuwa ya wafalme na wataalamu. Mwongozaji wake alikuwa kijana wa chuo kikuu, mchangamfu, mwenye sauti ya kufaa darasani. Alituanzishia kwenye Lango la Brandenburg, lililokamilika 1791, akatusimulia jinsi Napoleon alivyoiteremsha sanamu ya gari la farasi wanne iliyo juu yake mwaka 1806 na kuipeleka Paris, na jinsi ilivyorudishwa 1814. Tulipita tena Wilhelmstraße, safari hii kwa ncha yake ya kaskazini, naye akatuonyesha hoteli maarufu na ubalozi wa Uingereza. Halafu tukafuata barabara pana ya Unter den Linden hadi chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1810. Alitutajia maprofesa: Hegel huyu, Einstein yule. Ng'ambo ya barabara akatuonyesha uwanja ambapo vitabu vilichomwa moto tarehe 10 Mei 1933. Chini ya mawe ya uwanja kuna kioo, na chini ya kioo chumba chenye rafu nyeupe zisizo na kitabu hata kimoja. Nilisimama pale muda mrefu. Mwalimu hawezi kuziona rafu tupu akapita.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali. Nilijua, kwa kusoma, kwamba chuo kikuu hicho kilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, na kwamba Kiswahili kilifundishwa humo tangu mwanzo, kwa kuwa Wajerumani walihitaji maofisa watakaokwenda kututawala na kusema nasi. Nilijua pia kwamba walimu wenyeji wa lugha waliletwa kutoka pwani yetu: Sleman bin Said na Amur bin Nasur wa Unguja, na baada yao Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo. Binti yangu akanitafsiria: Kiswahili kilifundishiwa wapi hapa?

Kijana alikuna kichwa. "Swali zuri," alijibu, "lakini halimo katika ziara hii."

Sikumlaumu. Alisema kweli, na mwalimu anayekiri kwamba jambo halimo katika somo lake ni bora kuliko anayebuni. Lakini jibu lile lilinifuata hadi kitandani. Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye aliyetuachia kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Alifundisha Berlin kuanzia 1900. Baadhi ya wanafunzi walimdharau, hawakutaka kufundishwa na mtu mweusi, naye akaacha kazi. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 waliposafiri pamoja kurudi kwetu, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam, kwa sababu ya ndoa hiyo. Akarudi Ujerumani, na huko Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Mtu aliyezuiwa kukanyaga pwani yake mwenyewe! Na katika mji alikofundisha, hayumo katika ziara.

Ziara ya tatu binti yangu aliitafuta kwa bidii. Ilikuwa ya nyayo za ukoloni, na mwongozaji alikuwa mtu mwenye asili ya Kameruni aliyezaliwa palepale Berlin. Tulianza wapi? Wilhelmstraße tena! Mara ya tatu katika barabara ileile. Safari hii hatukusimama penye kipande cha ukuta wala penye hoteli, bali mbele ya nyumba za ghorofa za kawaida, watu wameanika nguo barazani, na chini yake kibao cha kumbukumbu. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck. Hapo ndipo wajumbe wa nchi 14 walipokutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wala hakuwako Mwafrika hata mmoja, hata Sayyid Barghash wa Unguja ambaye pwani yake ilikuwa ikijadiliwa.

Nilikuwa nimekusudia kusimama pale na kujisikia nimefika. Badala yake nilijifunza kwamba nimefundisha vibaya.

Mwongozaji yule alieleza polepole, kama mtu aliyezoea kukanusha jambo lilelile kila siku. Katika chumba kile, alisema, Afrika haikukatwa vipande kama tunavyodhani. Waliafikiana juu ya biashara katika bonde la Kongo, juu ya mito ya Kongo na Niger, na juu ya masharti ambayo dola itayatimiza ikitaka kudai sehemu mpya ya pwani. Mipaka ilikuja baadaye, mmoja mmoja, kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Wa kwetu ulichorwa kati ya Wajerumani na Waingereza kwa makubaliano ya 1886 na ya tarehe 1 Julai 1890. Na wakati wajumbe walipokuwa wakinywa mvinyo, Carl Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za kalamu za machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Siku ya pili yake, tarehe 27, Kaizari akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi.

Tarehe hizo zote nilizijua. Nilizifundisha. Lakini nilizifundisha mbali mbali, kila moja katika kipindi chake, kisha nikazifunika zote kwa picha ya meza na nyama, kwa sababu picha ile ilifurahisha darasa. Sasa nasema: picha nzuri ni hatari kwa mwalimu. Mwanafunzi husahau maelezo yako, akabaki na mchoro. Ni walimu wangapi waliotoka mikononi mwangu na mchoro ule, na sasa wanauchora mahali fulani ubaoni?

Kutoka hapo tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Wedding, katika eneo wanaloliita Mtaa wa Kiafrika. Majina yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1899. Huko utaona bango la barabara ya Kamerun, la Togo, la Kongo, la Uganda, la Usambara, na hata la Unguja. Palikuwa pia na majina ya wanaume waliotutawala, na Peters akiwa mmoja wao. Barabara ilipewa jina lake mwaka 1939, wakati wa Hitler. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walisema kwamba tangu sasa Peters huyu si yule, ni Peters mwingine, mwanasheria mwema aliyempinga Hitler! Bango likabaki lilelile. Hatimaye, baada ya ubishi wa miaka na kesi mahakamani, tarehe 23 Agosti 2024 jina liliondolewa. Tulifika wiki chache tu baadaye. Bango la zamani lilikuwa bado lipo, limepigwa mstari mwekundu, kama ilivyo desturi yao ili watu wazoee, na juu yake bango jipya. Barabara imegawanywa sehemu mbili: moja imepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, na ya pili inaitwa Maji-Maji-Allee.

Maji Maji. Nililisoma kwa sauti. Mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akipita na mbwa wake alinitazama, akaendelea na njia yake. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika vita ile ya 1905 hadi 1907 kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto kwa makusudi. Mmoja wa walionusurika njaa hiyo alikuwa babu yangu mzaa baba. Ndiyo maana nikatengeneza ziara ya nne.

Babu alikuwa Mmwera wa bara ya Lindi. Alikuwa na hadithi moja ambayo watoto tuliipenda kwa sababu tuliiona ya uongo. Alisema kwamba baada ya njaa Wajerumani waliandika watu kazi ya kuchimba mlimani, na kwamba walichochimba kilikuwa mifupa ya mnyama ambaye angeweza kula majani ya juu ya mbuyu bila kunyanyua mguu. "Mfupa mmoja," alisema, "watu wanne, mti begani." Waliifunga kwa udongo na mianzi, wakaibeba siku kadhaa hadi bandarini Lindi, wakaimba njia nzima. Nilipokuwa shule ya kati nilimpelekea mwalimu wangu habari hiyo. Mwalimu alicheka, darasa likacheka, nami nikacheka nao. Niliporudi nyumbani nilimwambia Babu kwamba mwalimu amesema hakuna mnyama kama huyo. Hakunijibu. Hakuisimulia tena hadithi ile mbele yangu. Alifariki mwaka 1966.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, nilisoma habari za Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliarifiwa kuwako kwa mifupa hiyo, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalipeleka wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig, wakaandika vibarua ambao wakati mwingine walifikia mamia. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilikwenda Ujerumani. Zote zilitoka Tendaguru hadi pwani kwa vichwa na mabega ya watu. Nilikifunga kitabu, nikakirudisha kwenye rafu. Sikumwambia mtu. Wala katika miaka yote iliyobakia sikuwahi kusimama mbele ya darasa nikasema: "Babu yangu aliwabeba." Kwa nini? Nadhani niliona haya. Nilimcheka mzee kwa sababu jambo lake halikuwa kitabuni, na lilipopatikana kitabuni mzee hayupo.

Basi asubuhi ya siku ya mwisho nilimwambia binti yangu anipeleke Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe. Ukiingia tu ukumbi mkubwa, unamkuta. Amesimama hapo tangu mwaka 1937, urefu wake ni zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, shingo imepanda kama mnazi. Janensch alimpa mnyama huyo jina la pili la brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho aliyekuwa akikaa Berlin. Watoto wa shule walikuwa wamekaa chini kumzunguka, mwalimu wao akiwaeleza. Nilivua kofia. Nilitafuta mfupa wa mguu wa mbele, ule mrefu kuliko mimi, nikahesabu mabega: wanne, Babu alisema. Walitosha kwa shida. Binti yangu alinishika mkono bila kusema neno, maana hadithi hii nilikuwa nimemsimulia jana yake usiku, kwa mara ya kwanza.

Aliyewasimamia wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, fundi ambaye wataalamu walimtegemea sana. Mwaka 2007, karibu miaka 100 baadaye, mnyama mmoja katika wale wa Tendaguru alipewa jina la bohetii kwa ajili yake. Na baadhi ya mizigo iliyofungwa kwa mianzi ilikaa stoo miongo mingi bila hata kufunguliwa. Nilipolisikia hilo nilifikiri: pengine fundo alilolifunga Babu bado halijafunguliwa.

Tulipotoka, tulifuata Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki, polepole kwa ajili ya goti langu. Barabara hiyo inakufikisha Brunnenstraße, ileile niliyoiandika daftarini siku ya kwanza. Tukageuka kulia hadi nyumba namba 193. Mbele ya mlango, katikati ya mawe ya njia ya miguu, kuna kibamba cha shaba ya manjano, sentimeta 10 kwa 10. Viko maelfu mjini humo, kila kimoja mbele ya nyumba ya mtu aliyeuawa au kuteswa wakati wa Hitler. Hiki ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904.

Alikuwa mtoto wa askari, naye mwenyewe aliingia jeshi la Wajerumani angali mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaidai serikali mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Alikataliwa. Akabaki: alihudumu mezani hotelini, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu, akaoa, na akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kilekile nilichokiulizia. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kibamba chake kiliwekwa mwaka 2007.

Nilihesabu hatua kwa macho. Kutoka mlangoni pake hadi mahali mama wa Ukuta alipotuaga ni mwendo wa dakika kumi na kitu, kwenye barabara hiyohiyo. Kila ziara ilikuwa ya kweli, na kila moja ilipita karibu na mtu wetu bila kumwona. Hawakudanganya. Walikuwa na uzi mmoja, wakaufuata.

Lakini nitawasema wao, nami je? Mara ngapi niliwapeleka wanachuo Bagamoyo kwa basi la chuo! Niliwaonyesha Boma la Wajerumani, misheni na makaburi, nikawatajia wageni kwa majina na tarehe zao. Sikuwaambia hata siku moja kwamba kutoka upande huo alitoka mwalimu aliyekwenda kuwafundisha Wajerumani lugha yake, akazuiwa kurudi. Hilo halikuwamo katika ziara yangu.

Mwaka jana chuo changu cha zamani kilinialika kuzungumza na wanachuo wa mwaka wa kwanza. Niliomba ubao na chaki. Nilichora ile meza, kisha mbele ya macho yao nikaifuta, nikawaeleza kwa nini. Halafu niliwapa kazi: kila mmoja apange ziara ya mji au kijiji chake kwa mada moja, na upande wa pili wa karatasi aandike majina matatu ya watu ambao ziara hiyo itawapita bila kuwaona. Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kumwandika mtu ambaye hayumo kitabuni. Nilimwambia aanze na huyo.

Walipokuwa wakiandika, nami nilichukua karatasi. Jina la kwanza niliandika la Babu.